Krevete Wangu na Mama Bukwe

Nasimulia haya nikiwa bado naona aibu. Nyumbani kwangu, hapa Kamina, nina tangi la kioo la konokono na krevete, wale kamba wadogo wekundu. Niliwaleta kutoka Lubumbashi ndani ya chupa, nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Juzi mama bukwe, yaani mama wa mke wangu, alikuja kututembelea kutoka Kinkondja. Kesho yake nilibadilisha maji ya tangi, nikaenda kazini. Niliporudi, konokono walikuwepo, lakini sikuona krevete hata mmoja. Juu ya changarawe yalibaki maganda matupu. Jikoni kulinukia mchuzi. Mimi, mwenye akili nyingi, nikajumlisha maganda na mchuzi.

"Ngoie!" nilimfokea mke wangu. "Mama yako amekula krevete wangu! Tena amenirudishia maganda!"

Pazia la mlango likasogea. Mama bukwe alikuwa amesimama pale, sahani mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Bukwe, kuya hapa," aliniita kwa upole, mimi mkwe wake. Akawasha taa ya simu yake, akamulika chini ya kipande cha mti ndani ya tangi. Krevete wangu wote walikuwa wamejibana humo, wazima, wakitikisa ndevu.

"Krevete ikivula ngozi yake inajificha, sababu mwili iko laini," alisema. "Hata batoto ya kwetu banajua."

Nilipiga magoti kuomba msamaha. Akanisogezea sahani.

"Kula bila woga, bukwe. Hii njo samaki ya soko."