Kisigino Nje, Kisha Salamu

Viatu vile nilivipata kwenye rundo la mitumba hapa Kitengela, na kusema kweli sikuvinunua kwa sababu ya miguu yangu. Nilivinunua kwa sababu vilikuwa na chuma chini. Kipande kidogo tu, kimefungwa kwa skrubu mbili katikati ya soli. Mimi ni fundi cherehani, na nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu situlii mpaka nijue kinafanya kazi gani. Mwuzaji aliniambia ni viatu vya mpira. Nikamwuliza ni mpira gani huo unaochezwa na vyuma, watu wauane?

Fundi wa baiskeli aliye nyuma ya soko ndiye aliyenifumbua macho. "Hivi vinashika pedali," akasema, akaingia ndani, akatoka na pedali mbili ndogo ajabu alizokuwa amezitoa kwenye baiskeli iliyovunjika. Alikishika kiatu mkononi, akakibonyeza juu ya pedali. Ta! Akavuta, hakitoki. Akatikisa, hakitoki. Kisha akakizungusha kisigino kuelekea nje, kikaachia bila kelele. Nilimfanya arudie mara sita. Hapo hapo nikamwambia azifunge kwenye baiskeli yangu.

"Wewe umewahi kuzitumia?" nikamwuliza.

"Mimi? Zii. Mimi napenda meno yangu."

Ningemsikiliza. Lakini nina kichwa kigumu, na nilikuwa nataka kujua mguu unajisikiaje ukishikwa.

Kila Jumapili, kabla ya kanisa, huwa naendesha baiskeli kwa barabara ya Namanga mpaka Kisaju na kurudi. Kisaju ndiko anakoishi baba mkwe wangu. Mume wangu ni Mmaasai, mimi ni Mkamba, na tulipooana wako watu wa pande zote mbili walioguna. Mzee aliwaacha wagune, kisha akanijia mbele yao wote, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akasema, "Huyu ni mtoto yangu." Maneno yakaisha. Tangu siku hiyo sijawahi kukutana naye bila kusimama na kumwinamishia kichwa. Yeye huweka mkono, husema "Takwenya," nami hujibu "Iko." Ndivyo mkwe mwenye heshima anavyosalimu kule. Ni jambo la sekunde tatu, lakini mimi ndipo ninapojua kwamba nina kwetu.

Basi Jumapili ya kwanza na pedali mpya nilitoka Kitengela nikiwa na furaha ya kijinga. Mguu ulikuwa unasukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, jambo ambalo sikujua mguu unaweza. Njia nzima nilikuwa nayachunguza magoti yangu tu. Nilipoinua macho nilikuwa nimeshafika Kisaju, na mzee huyo hapo kando ya lami na mbuzi wake. Alikuwa ameniona kitambo. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni, amenyoosha mkono kama kawaida, anangoja kichwa.

Nikashika breki. Nikauvuta mguu juu, kama nilivyouvuta tangu utotoni. Wapi! Nikavuta tena, ukakataa. Nyuma yangu lori linapiga honi, mbele yangu mzee, na baiskeli imeanza kuyumba. Nikaachia breki, nikampita. Hata salamu sikutoa. Nilipogeuka kutazama, mkono wake ulikuwa bado uko hewani.

Mbele kidogo nilisimama kwa namna yangu, yaani mtaroni, kwa ubavu. Nilipomaliza kujichomoa na kuikokota baiskeli kurudi, mzee na mbuzi hawakuwepo.

Jioni hiyo nilienda kwake nimevaa viatu vya watu wa kawaida. Nikaeleza yote, chuma, skrubu, lori. Alinisikiliza mpaka mwisho. Chai ililetwa. Nilipoinama, mkono wake ulibaki kwenye fimbo.

"Nimesikia," akasema. "Nani anafunga hiyo mguu?"

"Ni mimi, baba."

"Na kufungua?"

"Ni mimi pia."

"Basi ni wewe ulinipita. Si chuma."

Nikamwambia nitarudisha pedali za zamani kesho yake. Akakataa kwa kichwa. "Apana. Kuja na hiyo hiyo. Kuja Jumapili, usimame. Nataka kuona." Kisha akanieleza kwamba nyasi zimeisha, kwamba wanahamisha ng'ombe kwenda Entarara, huko karibu na Loitokitok, na kwamba yeye ataenda kukaa huko kwa binti yake. Kurudi, hajui. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na mimi si mtu wa kulia. Fikiria aende huko, na salamu yetu ya mwisho iwe mkono ule hewani.

Mume wangu, ambaye kazi yake iko Naivasha, aliponisikia kwa simu alicheka kwanza. Kisha akaacha utani. "Mzee hajawahi kumnyima mtu mkono," akasema. Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Nikaanza mazoezi kwenye barabara ya vumbi mbele ya nyumba yetu. Jirani yangu, mama kutoka Garissa mwenye duka, alitoa kiti nje ili asipitwe na chochote. Nilianguka kushoto. Nilianguka kulia. Siku moja nilifungua mguu wa kushoto vizuri kabisa, nikajipongeza, kisha nikaegemea kulia na kuliangukia gunia lake la makaa.

"Wallahi wewe ni maajabu," akaniambia akinipangusa mgongo. "Watu wanaanguka wakikimbia. Wewe unaanguka ukiwa umesimama!"

Alisema kwa utani, lakini nilikaa na neno hilo siku nzima. Ni kweli, nikiwa mbioni sikuanguka hata mara moja. Shida yangu ilikuwa kusimama. Sasa kusimama kunaanzia wapi? Miaka yote hii nimesimama, na sijui ninavyofanya! Nikaanza kuwatazama watu. Mtu wa boda hutoa mguu kabla abiria hajamaliza kupunga mkono. Ng'ombe wakikaribia lami, yule wa mbele hupunguza mwendo akiwa bado yuko kwenye nyasi. Nikaja kujikamata mwenyewe kwenye cherehani yangu ya miguu: mshono ukibaki vidole viwili uishe, mguu wangu umeshalegea na mkono umeshashika gurudumu. Sijawahi kungoja mshono uishe ndipo nisimame. Kumbe nguo najua kuisimamia, baba mkwe ndiye sijui.

Kwa hiyo nikageuza mpango. Kisigino kitoke nje kwanza, mbali, kabla ya breki na kabla ya salamu. Fundi alinilegezea springi za pedali kwa spana ndogo. Jirani naye akabuni mchezo wake. Alikuwa akijificha dukani, kisha anachomoza ghafla na kuita "Asalaam aleikum!" na mimi haniruhusu kujibu mpaka mguu wa kushoto uwe chini. Nikijibu nikiwa juu ya baiskeli ananirudisha mwanzo. Alinitesa, yule mama! Lakini alinifundisha.

Jumapili ya kwanza sikwenda Kisaju kwa sababu kiwiko kilikuwa kimevimba. Ya pili nilisema sijaiva. Ya tatu nilisema upepo. Upepo gani? Ilikuwa aibu. Nilijiambia mzee hajataja Jumapili gani wala siku ya kuhama, na kwamba nikienda lazima niende nikiwa hodari, nisije nikamwangukia.

Jumapili ya nne jirani alinifungia njia. "Leo hapa hakuna salamu," akasema. "Peleka huko."

Nilimwona kwa mbali kabla sijafika maduka ya Kisaju. Alikuwa peke yake, bila mbuzi, amesimama palepale kwenye ukingo wa lami. Kisigino nje, nikajiambia, na kweli kikatoka, hata kabla sijaona uso wake vizuri. Nikapunguza mwendo. Nikaegemea kushoto. Mguu ukagusa changarawe hatua mbili kutoka kwake, nami nikasimama kama mtu aliyezaliwa anajua. Nilitaka kupiga kelele! Badala yake nilivua helmeti na kuinamisha kichwa.

Hakuweka mkono. Kwanza aliinama yeye, akaitazama ile pedali, akaigonga kwa ncha ya fimbo. "Funga." Nikafunga. "Fungua." Nikafungua. "Funga tena." Alinifanyisha mara sita, kama mimi nilivyomfanyisha fundi. Kisha akaguna kwa kuridhika, na kiganja chake kikavu kikatua kichwani mwangu.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu.

Nikamwuliza mbuzi wako wapi leo.

"Wamekwenda Entarara na ng'ombe. Wote walikwenda, hii ni wiki ya tatu."

"Na wewe, baba? Si ulisema unaenda nao?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Si nilikuambia kuja Jumapili? Nimesimama hapa Jumapili zote. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lori la kesho ya kwenda huko ndiyo la mwisho."

Wiki zote zile nilizokuwa nikitafuta kusimama kunaanzia wapi, yeye alikuwa amesimama hapa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana, machozi yakaingia mdomoni. Akanikatiza kwa kuinua mkono uleule.

"Inama tena," akasema. "Hiyo ilikuwa ya leo. Bado tatu."

Nikainama.