Kichwa cha Kitanda Kwenye Bango la Magodoro

"Sogea nifute!"

"Sisogei. Rangi haijakauka. Ukiigusa tu umeniulia kazi ya juma zima."

"Ndiyo nataka ife. Tena naanza na hii ya mwanzo, yenye vilima viwili. Nikishaifuta nabeba furushi langu, naenda kwa shangazi, na wewe ubaki ulale na bango lako. Si umelichorea na kitanda kabisa!"

Bi Sabuni alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja kitambaa, mkono mwingine chupa ya mafuta ya taa. Mumewe, Fundi Brashi, alikuwa ametanua mikono mbele ya bango kama golikipa anayengoja penalti, na alikuwa amerudi nyuma mno, hata herufi moja ya duara ilikwisha kujipiga chapa mgongoni mwa shati lake. Bango lenyewe lilikuwa la bati, refu kuliko kitanda chao, limeegemezwa ukutani kutoka kabatini hadi karibu na mlango. Aliyetaka kufika jikoni ilibidi apite ubavu kama kaa. Jioni ile mwenye duka la magodoro angekuja kulichukua.

Na pale kizingitini palikuwa na furushi la nguo za Bi Sabuni, limefungwa mafundo mawili. Angelifunga fundo moja, Fundi angejua ni hasira za kawaida, zitapoa na chai. Mafundo mawili yalikuwa habari nyingine. Mwanamke yule hakuwahi kufunga mafundo mawili kwa mzaha.

"Haya, ngojeni, mimi nitasoma," akasema wifi mtu, dada mkubwa wa Fundi, aliyekalia kiti kimoja kizima kilichokuwa mle ndani, karanga zimejaa mapajani. Hakualikwa. Lakini ugomvi ukianza kunukia popote pale mtaani, yeye hufika kabla ya makelele. "Ma... go... do... ro. La... i... ni. Magodoro Laini. Sasa wifi yangu, hapo kosa liko wapi? Ulitaka aandike Magodoro Magumu?"

"Wifi, mimi sisomi hayo unayosoma wewe. Mimi nasoma kwingine."

Na kweli alikuwa anasoma kwingine. Fundi Brashi hakuwa mchoraji wa kuiga herufi za kitabuni. Kila herufi aliyoichora ilikuwa kitu kwanza. Ile iliyopinda kama nyoka aliitoa kwenye ndoano ya mwuza nyama. Ile ya mkono mmoja juu aliitoa kwenye mpini wa mwavuli wa mwalimu. Aliweza kusimama mbele ya bawaba ya mlango wa watu mpaka wenye mlango wakadhani anataka kuiba. Na zilikuwa hai, herufi zake! Mtu mmoja alitundika kofia yake kwenye ndoano ya rangi, ikaanguka matopeni, akamdai Fundi kofia mpya. Mbuzi mmoja alilamba herufi iliyotokana na jiwe la chumvi, akalamba asubuhi mpaka magharibi, akarudi kwao bila ulimi. Asiyeamini akamuulize yule mbuzi.

Bi Sabuni naye alikuwa dobi wa hospitali. Shuka likipita mkononi mwake alijua aliyelalia alikuwa na homa au hofu, alilala ubavu upi, na kama mgeni wake alimletea chungwa au embe. Kwa macho hayo hayo alizisoma herufi za mumewe. Maneno hakuyajua hata moja. Lakini akiangalia bango alijua mume alipita wapi, alikaa wapi, na alikaa muda gani. Safari moja Fundi alichelewa, akasema alikuwa msibani. Kesho yake Bi Sabuni akapita penye kibanda cha soda, akaona herufi mpya yenye umbo la bomba na tone linaning'inia. Akarudi nyumbani, akauliza kwa upole tu: "Marehemu mlimzikia baa, au baa ndiyo iliyofariki?"

Kwa hiyo leo alijua anachokisema.

"Mwaka jana jirani yetu mshonaji alipopasuliwa tumbo, nani alimuuguza?" akauliza.

"Wewe," akasema Fundi.

"Nilikaa wapi?"

Fundi akaangalia dari.

"Nilikaa kichwani pa kitanda chake, mkono huu maji, mkono huu kipepeo cha kupepea. Kitanda kile nakijua kuliko anavyokijua yeye, maana yeye alilala amefumba macho. Kichwa chake ni cha chuma. Kinapanda, kinashuka, kinapanda tena. Kulia kina kitufe cha shaba. Kushoto kitufe kimedondoka, imebaki shingo tupu, na chini ya shingo chuma kimejikunja mkia wa kinyonga. Wifi, hebu geuza shingo uangalie."

Wifi mtu akageuza shingo. Akaangalia upande wa kulia, akaangalia upande wa kushoto. Akaacha kutafuna.

"Vitanda vya chuma vyote ni ndugu," Fundi akasema haraka.

"Na vyote vimeng'oka kitufe cha kushoto? Vilifanya mkutano?"

"Nilikiona kwa mchomeleaji..."

"Kitanda cha mshonaji hakijatoka nje tangu kiingie. Kiliingia kabla ya mlango kuwekwa, hakipiti hata ukikiomba. Fundi, wewe umeingia chumbani mwa mwanamke yule. Wala hukuchungulia tu. Umekaa. Mkia huu wa kinyonga mtu hauoni kwa kupita. Nakuuliza mara ya mwisho, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Jamani," wifi mtu akajaribu, "kaka yangu huyu akipanda ngazi ya hatua tatu anaita watu wamshikie. Kitanda cha jirani atakipandaje?"

"Usinichekeshe, wifi. Leo sicheki."

Muda wote huu, kutoka nyumba ya pili ng'ambo ya mtaro, cherehani ya mshonaji ilikuwa ikisikika, tiki tiki tiki, kama kawaida ya kila siku. Bi Sabuni aliposema neno "kitanda" kwa sauti ile aliyoizoea kuitia watu katika makelele ya mashine za kufulia, cherehani ikanyamaza.

Wote watatu wakasikia jinsi ilivyonyamaza.

"Si unaona?" Bi Sabuni akasema. "Anasikiliza."

Jibu Fundi alikuwa nalo. Kweli alikuwa ameingia chumba kile, jioni baada ya jioni, akakaa kwenye kigoda miguuni pa kitanda. Lakini aliyelala kitandani hakuwa mshonaji. Alikuwa Kitinda, mdogo wake Bi Sabuni, wa mwisho kwa mama yao, yule ambaye Bi Sabuni alimlea mgongoni tangu mama alipofariki.

Na mtaani nani asiyejua habari za Kitinda! Dada yake alikuwa akizitangaza kila anapokwenda bombani. Kitinda yuko mbali, anajenga maghorofa. Kitinda anajenga ghorofa refu, mwezi ukifika pale unainama ndipo upite. Kitinda akidondosha nyundo asubuhi, wa chini wanakula chakula cha mchana kwanza ndipo wanakwepa. Kumbe Kitinda mwenyewe ndiye aliyedondoka. Jukwaa la miti lilikatika, mguu ukavunjika sehemu mbili, na kazi ikaishia hapo hapo. Alirudi wiki iliyopita kwa kujificha, giza linaingia, akafika kwa mshonaji, ambaye walikuwa wakipigiana simu mwaka mzima bila dada mtu kujua. Akamwita Fundi. Akamwambia: "Shemeji, dada asijue. Aniache kwanza niwe mtu. Ukimwambia naondoka usiku huo huo, hata kwa kutambaa." Na Fundi, kwa huruma na ujinga, akaapa kwa kaburi la mama yake.

Kitinda hakuwa mtu wa kutisha bure. Angetambaa kweli, na mguu ule ungeharibika usirudi tena. Kwa hiyo Fundi alikuwa na mawili tu mbele yake, akifungua mdomo anampoteza shemeji, akiufunga anampoteza mke. Na mke alikuwa ameshafunga mafundo mawili.

Ila mkono wa Fundi haukuwahi kujua kutunza siri. Macho yake yakishiba kitu, mkono hukitapika kwenye bati, na yeye mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

"Hujibu," Bi Sabuni akasema. Sauti ilishuka, na iliposhuka ndipo ilipotisha. "Basi. Nimejibiwa."

Akamsukuma kwa bega. Mwanamke anayebeba mashuka yenye maji tangu usichana, bega lake si la kubishana nalo. Fundi akayumba mpaka kabatini. Kitambaa kikalowa mafuta ya taa, kikagusa mkia wa kinyonga, na mkia ukatoka wote, ukabaki ukungu wa bluu.

"Mke wangu, tafadhali."

"Tafadhali mwambie mwenye kitanda."

Wifi mtu naye akainuka, karanga zikamwagika. Sasa alikuwa ameanza kunogewa. "Ngoja kwanza, wifi, usifute yote. Hii ya pili hii, yenye miguu miwili iliyoachana. Huu si mkasi? Mkasi umesimamishwa, na hapa ndipo pa kutia vidole. Mkasi wa mshonaji huu! Ee kaka yangu, ndiyo umetufanyia nini?"

"Dada, unamsaidia nani?" Fundi akalia.

"Namsaidia atakayeshinda."

Bi Sabuni hakuwasikiliza. Kitambaa kilikuwa hewani bado, lakini macho yalikuwa yamekwisha kumtoroka. Ndiyo tabia ya msomaji, akianza mstari hawezi kuuacha katikati. Macho yaliruka mpaka mwisho wa bango, kwenye neno la pili, yakatua kwenye herufi yake ya kwanza, ile iliyosimama wima kisha ikalala chini.

"Na hii nini?"

"Herufi," Fundi akasema.

"Huu mguu. Umelala juu ya mto. Hapa kisigino, hapa vidole vinaangalia juu. Umefungwa plasta tangu juu mpaka chini." Akasogea karibu, pua ikakaribia kushika rangi. "Mkubwa huu. Mguu wa mwanamume."

Wifi mtu akapiga makofi. "Mwanamume! Basi kitanda kina mwenyewe! Wifi yangu, fungua mafundo hayo, kaka yangu ametoka salama. Alikwenda kumwona mgonjwa tu! Mshonaji naye, kumbe, na ule upole wake wote!"

Ingekuwa siku nyingine, ugomvi ungeishia hapo, chai ikatengwa, na mshonaji akawa ndiye wa kusemwa mpaka usiku. Fundi mwenyewe alianza kushusha pumzi. Lakini Bi Sabuni hakucheka, wala hakugeuka.

"Mgonjwa gani huyo," akasema polepole, "ambaye mume wangu anakwenda kumtazama kila jioni, na mimi dobi wa hospitali siambiwi?"

Akainyooshea kidole herufi ya tatu ya neno hilo, ile nyembamba yenye kichwa bapa. "Gongo la kwapani. Limeviringishwa tambara juu lisichubue." Halafu akaanza kurudi kinyumenyume, kutoka neno la pili kwenda la kwanza, kidole kinapita juu ya rangi mbichi bila kuigusa. Alipita duara moja, akapita la pili, akapita la tatu. Akasimama kwenye herufi ya tatu ya neno la kwanza, ile ya mviringo usiofungwa.

Fundi naye akaiangalia. Hadi dakika ile hakuwa amejua alichokichora.

Lilikuwa sikio. Sikio la mtu aliyelala ubavu, na juu yake pana pengo dogo, kana kwamba panya alilionja.

"Mlango," Bi Sabuni akasema, akakishusha kile kitambaa. "Nilikuwa msichana mdogo, nimembeba mgongoni, natoka nje mbio kuangalia arusi inapita. Komeo la mlango likamshika hapa. Damu iliniingia mpaka shingoni. Sikio hili nimeliosha mimi mwenyewe, nikaliombea lisioze. Hakuna lingine duniani." Akageuka. "Fundi. Huyu ni nani?"

Fundi akafumba mdomo, akaubana kwa mkono kabisa, mkono wenye rangi, mashavu yakawa ya bluu.

"Umeapishwa."

Fundi akazidi kuubana.

"Haya, sikuulizi ni nani. Nakuuliza, anakula?"

Mdomo ndio ulioapa. Kichwa hakikuapa chochote. Kichwa cha Fundi kikainama mara moja.

"Mguu utapona?"

Kichwa kikasita, halafu kikainama tena, polepole zaidi.

Wifi mtu alirudi kitini akakaa taratibu, karanga zote ziko sakafuni wala haziokoti. Yeye alijua kusoma maneno, na sasa alitamani asingejua kitu.

"Ng'ambo ya mtaro," Bi Sabuni akasema. "Wiki nzima niko bombani natangaza maghorofa yake, na yeye ananisikia kupitia dirisha. Amelala kwa watu, anauguzwa na watu, anafuliwa na watu. Mimi! Mimi niliyemtafunia chakula! Ananificha mguu kama mimi ni mdai wake?" Machozi yalikuwa yanakuja, naye anayasukuma nyuma kwa hasira, na hasira zenyewe hazikuwa zikimtosha. "Mngoje. Nakwenda sasa hivi. Nitaingia kule bila kubisha hodi, na plasta yake hiyo hiyo nitaishika nimpige nayo, halafu nitamwambia..."

"Usiende!" Fundi akasema kupitia vidole. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu sikio. "Ukienda, ataondoka. Alisema ataondoka hata kwa kutambaa. Mguu ule hauwezi, mke wangu. Utaumalizia njiani."

Bi Sabuni alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo, mguu mmoja ndani, mguu mwingine umepanda juu ya furushi lake mwenyewe, asijue amshike nani na amwachie nani. "Kwa hiyo nifanye nini? Nikae humu nimsikilize anavyonisikiliza? Niambie, Fundi, wewe unayejua kuapa, niambie mtu anamwendeaje ndugu yake ambaye..."

Mlango ukasukumwa kutoka nje.

Alikuwa mshonaji. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni, pini mbili tatu zimechomekwa kifuani pa blauzi, na alikuwa amevaa kandambili zisizofanana, moja yake, moja ya kiume. Akaangalia furushi la nguo, akaangalia kitambaa chenye rangi, akaangalia lile bango.

"Dada," akasema, "nimetumwa kwako. Anasema amesikia yote, na uje."