Karatasi Nyeusi Kuliko Zote

Bibi yangu, mama wa baba, anakaa kando ya barabara, nje kidogo ya Gitega ukielekea Muyinga. Mimi ni konvoyeri kwenye gari dogo la mjomba: yeye anaendesha, mimi nafungua mlango, napanga abiria, kisha nakaa nyuma dirishani. Macho ya bibi ni mabovu, alikuwa ananitambua kwa kofia yangu nyekundu. Kila tulipopita aliinua mikono yote miwili na kuita, "Mume wangu, safari njema!"

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, ni utani tu. Lakini abiria waligeuka wote. "Bwana harusi, mke anakuaga, jibu basi." Mimi naona haya hata kuomba maji. Nilikuwa nainama mpaka tuvuke kilima.

Mjomba alipotaka kubandika karatasi ya giza kwenye vioo vya nyuma, tulikwenda kwa fundi mmoja Muyinga, karibu na soko. Fundi alitoa vipande vitatu, akaweka kiganja nyuma ya kila kimoja. Cha kwanza kilionyesha hata kucha. Cha pili, kivuli cha vidole. Nyuma ya cha tatu hapakuwa na mkono.

"Hii hata mama mkwe hakuoni," alisema.

Mjomba alipenda cha pili, ila akaniambia, "We ndo unakaa nyuma. Chagua."

Niligusa cha tatu. Mjomba akafurahi kuona nimetaka kitu.

Tuliporudi, bibi alikuwa pale. Mjomba alipiga honi kama kawaida, lakini honi hupigiwa kila mtu. Bibi aliinua mkono mmoja nusu, akaushusha. Nilimwona vizuri, maana aliye ndani anaona. Hakuna abiria aliyecheka. Nikadhani nimepona.

Baadaye dereva mwingine alisimulia kituoni kwamba kuna kikongwe njiani anayepungia kila gari lenye vioo vyeusi. Watu walicheka. Mjomba hakucheka.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa bibi. Alinipa maharagwe, akasema, "Kofia siioni tena. Basi nasalimia zote, usije ukapita bila kuagwa."

Nilimwambia vioo vimebadilishwa. Sikusema nani alichagua.

"Wakubwa wakiamua, we utafanya nini, mume wangu," alisema, akaniongezea maharagwe.

Safari iliyofuata, tulipokaribia kwake, nilisukuma kioo pembeni kukifungua. Karatasi ilikuwa imebandikwa juu ya kiungo cha vioo viwili, ikapasuka kuanzia juu hadi chini. Nilitoa kichwa na kofia, nikaita. Lakini bibi alikuwa amekwisha kutuaga, ameligeukia gari la nyuma yetu, mikono yote miwili juu.

Tulipofika Muyinga, mjomba aliuona ule mpasuko. Aliuliza nani amefanya. Nikasema mimi. Hakuuliza kwa nini, akaenda kutafuta chai.