Mkuu wa Anga Akishuka

Ilani kwa roboti wote wa Hatua ya Nane ya mchezo huu wa video, wenye miguu na wenye magurudumu: Mkuu wa Anga, Tishio la Mawingu, Mwenye Mapangaboi Manne, leo amekanyagwa kichwani na sungura. Kunyoosha utosi uliobonyea ni kazi ya Neji, fundi wake, ambaye asubuhi alikuwa ameyatia mafuta mapangaboi yote. Akigongwa nyundo, Mkuu hukunja mizinga mapajani kama mgeni aliyekatazwa kugusa vyombo, akafumba taa za macho. Sheria ya kazi yake ni moja: akishadondosha mabomu matatu, lazima atue apumue kidogo, na hapo ndipo mchezaji humrukia. Leo mchezaji alikuwa bibi mwenye miwani, kule upande wa pili wa kioo. Sungura wake alibakiwa na uhai mmoja. Akifa, bibi anaanza mchezo upya. Vidole vya bibi vilikuwa vizito. Sungura akaruka, akaangukia pembeni. Akaruka tena, pembeni.

"Paa, mzee!" roboti askari wake walimpigia kelele. "Unangoja chai?"

Mkuu hakupaa. Aliinamisha kichwa taratibu mpaka sungura akakipata, na bibi akacheka hadi miwani ikamshuka puani.

"Ulimwonea huruma, Mkuu," Neji alinong'ona, akigonga polepole kuliko siku zote. "Sema tu, tuko wawili."

"Pangaboi la nyuma lilikwama."