Uso Mpya wa Mita

Iliamuliwa, na ikatangazwa kwa maandishi yenye mihuri miwili, kwamba kuanzia Ijumaa saa sita mchana mkondo wote wa umeme kiwandani utasomwa kwa ampea, na kwamba hakuna mfanyakazi atakayeongozwa na kipimo kingine chochote.

Tangazo hilo lilihusu mtu mmoja na mita moja. Mita ilikuwa kongwe kuliko kiwanda chenyewe, imefungwa ukutani kando ya tangi ambamo koki za maji zilipakwa nikeli kwa umeme, na uso wake ulihesabu kwa abampea, kipimo cha zamani ambacho moja yake ni sawa na ampea kumi. Mtu alikuwa fundi wa mita. Wenzake walimwita Desimali, kwa kuwa hata akiulizwa saa alijibu pamoja na sekunde.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la tatu: zidisha kwa kumi. Desimali aliifanya mara nne, akalala, akaamka, akaifanya tena. Ijumaa asubuhi akaondoa kadi iliyoning'inia juu ya tangi kuonyesha sindano ya mita isimamishwe wapi, iliyoandikwa "Koki: 8", akatundika mpya: "Koki: 80". Kisha akavuka barabara kwenda ofisini kutia saini.

"Umemaliza?" akauliza karani, mama mmoja aliyegonga mihuri kana kwamba anaua mende.

"Nimemaliza, mama. Hata nukta haijapotea."

"Hongera. Na hilo bati mkobani la nini? Umeanza kutembea na sahani yako?"

Desimali akatazama mkoba. Uso mpya wa mita, aliouchora juu ya bati wiki nzima mstari kwa mstari, ulikuwa ukichungulia nje.

Kadi ilisema themanini. Mita bado ilikuwa na uso wa zamani, unaoishia ishirini. Ishirini ile ni ampea mia mbili, na kebo za tangi zilistahimili mia na ishirini tu. Anayetafuta themanini pale angezungusha swichi mpaka mwisho na bado aone hajafika. Na zamu ya mchana, inayoanza saa sita, ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa pekee wa mkewe, aliyeingizwa kazini kwa sharti moja kutoka jikoni: "Umrudishe na mikono yote miwili."

"Mama, nipigie simu tangini!"

Karani akapiga, akasubiri, akatikisa kichwa. "Inaita tu. Na zile feni zao, hata bomu hawalisikii."

Saa sita kasoro dakika mbili. Sekunde, kwa mara ya kwanza, hakuzihesabu. Alishuka ngazi tatu tatu, akavuka barabara bila kutazama upande wowote, akakwama getini.

"Kitambulisho," akasema mlinzi.

"Si nimepita hapa robo saa iliyopita?"

"Ulipita ukitoka. Sasa unaingia."

Kitambulisho kilikuwa chini ya bati. Mlinzi akamsaidia kukitoa, akakisoma chote, upande wa nyuma pia. Desimali akanusa hewa akitafuta mpira wa kebo ulioungua. Akaupata, au akadhani ameupata, akatoka mbio.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya tangi, mkono juu ya swichi, anapiga mluzi.

"Toa mkono! Toa!"

"Shemeji, unakimbizwa na nani?"

Desimali akaangalia mita. Sindano ilikuwa imetulia kwenye nane.

"Umesoma kadi?"

"Kadi gani?"

"Sasa umejuaje pa kusimamisha?"

Shemeji akaelekeza kidole cha glavu kwenye kioo cha mita. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba. "Aliyenifundisha kazi alikwaruza hapa kwa msumari. Sindano ikifika, unaacha. Kwani zile namba ni za kusoma?"

"Miaka sita hujawahi kuzisoma?"

"Namba ni zako, shemeji. Mimi nina koki."

Desimali akautoa uso mpya mkobani. Kisha akazima umeme, akafungua mita, akaweka uso mpya, akaandika kwenye ripoti kwamba agizo limetekelezwa kikamilifu. Karani akagonga mihuri yote miwili.

Kioo kilirudishwa kile kile, na mkwaruzo wake.