Mstari wa Bi Futi

Dada yangu mkubwa tunamwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Ni fundi cherehani, nami ni mdogo wake. Tunashona chumba kimoja, yeye dirishani, mimi mlangoni kupokea lawama za wateja. Amekanyaga cherehani miaka ishirini na sita, na goti lake la kulia limechoka. Daktari alimwambia wazi: asipolipumzisha, atatembelea fimbo kabla ya sitini.

Kwa hiyo akaweka akiba ili anunue hisa za kampuni ya saruji, gawio la kila mwaka limsaidie kupunguza kazi. Wazo zuri. Shida ya dada yangu ni kwamba hanunui kitu bila kukigeuza upande wa ndani.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alimfundisha: chukua bei za siku mia mbili, tafuta wastani wake, uchore mstari. Kampuni ikiwa nzuri, subiri bei ishuke mpaka iguse mstari huo, ndipo ununue. Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali. Bi Futi akabandika karatasi ya kukatia nguo ukutani, akaanza: bei kwa chaki nyekundu, wastani kwa chaki ya bluu. Kila mchana redio ikisoma bei, cherehani zote kimya, na ole wake mteja atakayekohoa.

Miaka minne! Nyekundu ilipanda, ikashuka, haikuwahi kuigusa bluu. Mimi nilikuwa nanunua hisa chache kila mwisho wa mwezi, bila hata kutazama ukuta.

"Unanunua hisa kama nyanya," alinicheka. "Subira yavuta heri, mdogo wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe imekuumiza goti."

Alinirushia kipande cha kitambaa. Lakini jioni ile nilimwona akishuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, na mzaha ukaniishia.

Mwaka jana mwalimu akarudi likizo, amenenepa, anataka suti yake ipanuliwe. Akatazama ukuta, akaomba rula, akapima, akakokotoa nyuma ya risiti.

"Bi Futi, hesabu zako ziko sawa. Lakini huu mstari wa bluu mbona umeuchora chini?"

"Si nimeacha nafasi ya mshono?" dada akajibu, akilishangaa swali lenyewe. "Nani anakata juu ya chaki? Vidole viwili, kama kawaida."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Kisha akauchora mstari upya, bila mshono. Bei ilikuwa imeugusa mara tatu.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Bi Futi hakucheka. Alishika goti lake kwa mikono miwili, akasema polepole, "Mara tatu." Nikamwonea huruma kwelikweli. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kimemkaba.

"Jamani! Soko la hisa nimeliachia upindo!"

Kesho yake tukaenda kwa dalali. Bei ilikuwa juu kabisa, na mwalimu, aliyetusindikiza, akamshauri asubiri tena.

"Ahsante, mwalimu wangu," dada akasema. "Lakini goti halina wastani."

Akanunua kwa nusu ya akiba palepale, nusu nyingine akaiwekea mstari, safari hii bila vidole. Miezi mitano baadaye nyekundu ikaigusa bluu, akamalizia kununua, nasi tukapiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Gawio la kwanza limeingia wiki hii. Halitoshi kumstaafisha, tusidanganyane. Limetosha kununua mota ndogo ya cherehani, inayokwenda kwa kuguswa kidogo tu na mguu wa kushoto. Leo asubuhi ameishonea shati zima. Chini ya meza, mguu wa kulia ulikuwa bado unapiga sakafu, hauna habari kwamba kazi imeisha. Nikainama nikauwekea mto, ukatulia.