Ndani ya Kikombe na Mama Mkwe

Siku ile niliendesha gari kutoka Litein mpaka Kericho nikiwa nimekigeuza kioo cha ndani kitazame dari, kwa sababu kingekaa sawa ningekutana macho kwa macho na mama mkwe. Alikuwa amekaa nyuma, katikati ya mapacha wangu, amewashika kila mmoja kwa mkono wake kama mtu aliyebeba mayai. Mbele, kando yangu, alikaa mke wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akinitazamia nyuma.

"Kuna lori," ananiambia. "Lori limepita. Sasa ni boda. Boda amebeba kuku."

Msinione dereva wa kubahatisha. Mimi nina diploma ya uhandisi wa mitambo, niliyoisomea nikichuma majani chai asubuhi na kuingia darasani mchana, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Kwa diploma hiyo nilienda Qatar kutunza mitambo ya kupoza hewa kwenye majengo marefu kiasi kwamba ukiwa juu huoni gari chini, unaona mdudu. Nimerudi nikajenga nyumba ya mawe karibu na Bomet mjini, yenye vigae sakafuni na maji ya moto kwenye bomba, na bomba lenyewe nililifunga kwa mikono yangu. Wanaopita barabarani husimama kuiangalia. Nawaruhusu.

Watu wawili tu ndio walikuwa hawajanikubali, na wote wawili walikuwa wangu: mvulana na msichana, mapacha, niliowaacha wachanga wasioweza kushikilia shingo. Walilelewa Litein kwa mama mkwe, mke wangu akifundisha chekechea huko huko. Nilipofika sasa walikuwa wanakimbia, wanaongea, wanakataa uji. Nikiwanyooshea mikono, wanaingia ndani ya sketi ya bibi yao, ambaye wanamwita kogo kama watoto wote wa Kipsigis. Nikijaribu kuwabeba kwa nguvu, wanapiga kelele mpaka majirani wanatoka kwenye majani chai kuuliza nani anachinjwa.

Mke wangu alinipa msimamo wake mapema. "Nyumba yako ni nzuri," alisema, "lakini siwezi kuwahamisha watoto kwenda kulala kwa mgeni."

Mgeni! Mimi ambaye sura yao yote ni yangu, mpaka masikio! Kule Bomet vitanda vyao viwili vilikuwa tayari, magodoro bado yako ndani ya karatasi za dukani.

Sasa muone ugumu wake. Watoto hawabanduki kwa kogo, na mimi siruhusiwi kumkaribia kogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu, mama wa kanisa na mkulima wa majani chai, hajalegeza hata uzi mmoja. Haongei nami moja kwa moja. Akitaka nikae, anawaambia mapacha: "Mwambieni baba yenu kiti kiko hapo." Mapacha wananitazama kwa mashaka, na mimi nachukua kiti. Ukitaka kupenya mpaka kwa watoto wangu lazima upite kwenye duara la heshima ambalo kipenyo chake ni kama uwanja wa mpira.

Ndipo nikapata wazo la Kericho. Wakati wa likizo kulikuwa na kiwanja pale mjini kilichowekwa michezo ya watoto ya kila aina, na mimi huko Doha nilikuwa nimeona jinsi mtoto anavyompenda mtu aliyempandisha kwenye mashine. Nikatangaza safari. Mapacha walikataa kuingia garini bila kogo. Kogo akaingia, amevaa sweta yake ya kanisani na kitambaa cha kichwa, na termosi ya chai kwenye kikapu, kwa sababu hana imani na chai ya mjini.

Kiwanja kilijaa muziki na watoto wenye pamba ya sukari usoni. Tulianza na treni ndogo. Mapacha wakapanda na kogo, nami nikakimbia kando ya reli nikipunga mikono yote miwili kama mwendawazimu. Mvulana wangu alipunga mkono pia. Alimpungia dereva.

Tukaenda kwenye farasi wa kuzunguka. Nilimwinua msichana, kwa ustadi kabisa, kwapani kama inavyotakiwa, naye akatoa mlio ambao farasi wa kweli angetoroka nao mpaka Kisumu. Kogo akamchukua, mlio ukazimika. Tukaenda kwenye kasri la kurukiaruka, lile la plastiki lililojazwa upepo. Waliruka vizuri sana, wanacheka, mpaka niliposogea ukingoni na kusema, "Rukeni!" Wakaacha kuruka. Wakanitazama tu, miguu imezama kwenye upepo.

"Usiwasukume," mke wangu akaniambia.

"Nimesukuma nani? Nimesema neno moja."

"Umelisema kama msimamizi wa kiwandani."

Mwisho tukafika kwenye vikombe. Palikuwa na sahani kubwa ya bati, na juu yake vikombe vya chai vilivyopakwa maua, kila kimoja kinatosha familia, na ndani ya kila kikombe kiti cha mviringo na usukani wa chuma katikati. Sahani inazunguka, na vikombe navyo vinazunguka juu yake. Watu wa kwetu, ambao chai ndiyo shamba na karo na kila kitu, walikuwa wamepanga foleni wakitaniana. Mzee mmoja aliyevaa gambuti, zile buti ndefu za mpira, alisema, "Miaka yote tunaichuma. Leo sisi ndio majani."

Mapacha walivipenda vikombe mara tu walipoviona. Walikodoa macho. Mwenye tiketi, mama mchangamfu kutoka upande wa Nyeri, akatuhesabu kwa kidole.

"Kila mtoto na mtu mzima wake. Nani na nani?"

"Mimi siingii," mke wangu akasema haraka. "Nikizungushwa natapika."

"Basi wewe baba, na huyu mama. Ingieni, foleni ni ndefu."

Nikainama kwenye dirisha lake. "Huyu ni mama mkwe," nikanong'ona.

"Haiya! Kwani mama mkwe hazunguki?"

Foleni yote ikaangua kicheko. Mzee wa gambuti akaniinulia bakora. "Kijana, ukimgusa huyo utalipa ng'ombe mara ya pili!"

"Na hizi za sasa ni za maziwa!" mwingine akaongeza.

Mama mkwe alisimama wima, kikapu mkononi. Aliwatazama mapacha, ambao tayari walikuwa wameshika mdomo wa kikombe na kujaribu kupanda. Kisha akamwinamia msichana. "Uliza baba yako kama hii kitu inaenda mbali."

Nami nikamwambia mvulana, "Mwambie kogo inazunguka hapa hapa tu."

"Zunguka!" mvulana akamwambia kogo, na ujumbe ukawa umefika.

Nilipanga kukaa kwetu kama mtu aliyesoma. Mama mkwe upande wa ndani, mimi upande wa nje, usukani katikati yetu, msichana kulia, mvulana kushoto. Nilipima kwa macho nikaona panatosha. Heshima ilikuwa imekaa vizuri na bado mtu angeweza kupitisha trei kati yetu. Nilijisikia fahari. Si kila mtu angeweza kulipanga jambo hilo.

Sahani ikaanza kuzunguka taratibu. Mama mkwe akaona kitu cha kujishikilia kipo mbele yake, akakikamata. Kilikuwa usukani.

Hapo nilijua tumekwisha. Usukani ule si wa kujishikilia. Ukiuvuta, kikombe kinazunguka. Kikizunguka unaogopa, na ukiogopa unavuta zaidi. Na ile ilikuwa mikono iliyochuma majani chai tangu usichana, haishiki kitu kwa utani. Aliuvuta mkono mmoja, akabadilisha, akavuta mwingine, haraka haraka, kama anayejaza kikapu kabla ya lori la kiwanda kufika.

"Mwambieni kogo aachie!" nikapiga kelele. "Aachie usukani!"

"Sukani!" mapacha wakaitikia kwa furaha, na wao pia wakaushika.

Kericho yote ikawa mstari mmoja wa kijani. Nilimwona mke wangu akipita, amefunika mdomo. Akapita tena, ameinama. Akapita tena, amekaa chini kwenye nyasi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha kile kiti cha plastiki, na kitu kinachozungushwa lazima kisukumwe nje, ndivyo dunia ilivyotengenezwa, na mtihani wa somo hilo niliupita vizuri sana. Kilichonipita ni kwamba mama mkwe naye ni kitu. Nilimwona anaanza kuteleza. Aliteleza kwa heshima, mgongo umenyooka, kikapu mapajani, akiuzunguka mviringo wa kiti, akimsukuma msichana mbele yake. Msichana akaja mapajani mwangu. Mvulana akatokea upande wa pili akanipanda shingoni. Na mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kusimama naye chini ya paa moja hata mvua ikinyesha, akanigonga begani kama gunia la mahindi, akabaki hapo hapo.

Nilifumba macho. Nadhani nilikuwa nasubiri radi.

"Wewe!" sauti ikasema sikioni mwangu. "Baba yao! Shika watoto!"

Alikuwa akisema nami. Hakupitia kwa mtu. Niliwashika watoto, mmoja kila mkono, nikawabana kifuani kwa nguvu zangu zote, na kwa kuwa sikubaki na mkono, mama mkwe akakamata kola ya koti langu kama anayemzuia ndama. Hivyo ndivyo tulivyozunguka, donge moja la watu wanne, na kitambaa chake cha kichwa kimenifunika jicho moja.

Halafu nikasikia kitu kinatetemeka kifuani mwangu, nikafikiri ni kilio. Kilikuwa kicheko. Msichana alikuwa anacheka mpaka hana sauti. Mvulana akadakia. Na begani kwangu kikatoka kicheko kingine, kizito, cha kukwama na kuanza tena kama trekta asubuhi ya baridi, na mimi nikashindwa, nikacheka mpaka machozi. Foleni ilikuwa inapiga makofi kila tukipita.

Kikombe kiliposimama, mama mkwe alishuka akiyumba kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mke wangu akamdaka, wakaenda kukaa kwenye benchi. Mimi nilibaki nimewabeba mapacha, nikisubiri wagundue ni nani aliyewabeba. Msichana alirudisha kichwa nyuma akanichunguza, pua, masikio, ndevu. Akanishika pua.

"Baba," akasema. "Kikombe."

"Kikombe tena!" mvulana akaamuru.

Nilirudi kwenye dirisha la tiketi nikitembea upande upande kama kaa. Mama wa tiketi akaanza tena habari ya kila mtoto na mtu mzima wake, na mke wangu, aliyeapa hataingia, akaja akaingia amefumba macho. Tulipanda mara nyingi kuliko inavyofaa kiafya. Kogo alitutazama kutoka kwenye benchi, akinywa chai yake na mzee wa gambuti, na kila tulipopita aliinua kikombe kidogo cha termosi.

Tulirudi mvua ikiwa imeanza. Litein, mbele ya lango lake, nilisimamisha gari bila kuzima injini, kwa sababu popote aliposhuka yeye watoto walishuka naye. Mama mkwe alishuka. Mvulana akaanza kukunja mdomo. Mke wangu aligeukia dirisha lake. Aliniachia mimi.

Kogo hakufungua mlango wa watoto. Alizunguka gari kwenye mvua, akaja kwenye dirisha langu, akiutazama usukani na si uso wangu.

"Msichana analala na taa," akasema. "Huyu kijana usimpe maziwa baridi, tumbo lake halitaki. Wakiamka usiku waimbie, hata kama hujui."

"Sawa, mama," nikasema, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumjibu.

Akagonga bati la mlango kwa kiganja, kama mtu anayeruhusu lori kuondoka, akaingia ndani bila kugeuka. Mvulana alilia njia nzima mpaka tulipopita Kaplong. Nililia naye kwa sauti kubwa zaidi, nikimwiga, mpaka akanyamaza kunishangaa, na msichana akasema, "Baba mbaya," kisha wote wakacheka.

Tulipoingia kwenye lango la nyumba yangu bado kulikuwa na mwanga. Wakauliza kikombe kiko wapi. Sikuwa na kikombe. Nilikata usukani mpaka mwisho, nikazungusha gari uani, mara moja, mara ya pili, nikiipita nyumba ya mawe, tangi, nyumba ya mawe, tangi. "Tena!" wanapiga kelele nyuma, na mimi naongeza mwendo. Nyasi nilizopanda kwa kamba na rula zikageuka matope, na mke wangu akawa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, akinitukana na kucheka, akisema sasa atatapika, safari hii kweli, atatapika ndani ya gari langu.